Kabla ya kumwambia mwanafunzi "haramu"

SWALI: Asalaamu alaikum sheikh. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kutwa, wilaya ya Lushoto. Nimekabidhiwa pia kipindi cha dini kwa wanafunzi Waislamu, dakika 40 kwa wiki, kidato cha kwanza na cha pili pamoja. Daftari nililorithi lina orodha ya nguzo za imani na orodha ndefu ya mambo ya haramu. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanafaulu. Kisha nawakuta wanabeti nje ya geti, na mitihani ikikaribia baadhi yao wanafunga hirizi. Juzi mmoja kaniuliza nani kamuumba Mwenyezi Mungu, darasa zima likapiga kelele "kufuru!" nami nikamwambia akae chini. Mwingine akauliza iweje kubeti kuwe haramu wakati kaka yake kajenga nyumba kwa mkeka. Sikuwa na jibu. Mwenzangu ananishauri nishike fimbo. Nifundisheje mambo haya yawaingie?

JIBU: Wa alaikumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mwalimu.

Nianze na hilo daftari, maana naona ugonjwa umo humo zaidi kuliko kwa wanafunzi. Nguzo za imani mwanzoni, mambo ya haramu nyuma. Ukizisoma orodha hizo moja moja, hazina kosa. Kilichokosekana ni kinachoziunganisha. Mtoto ananakili kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuona, anafunga ukurasa. Anafungua mwingine, ananakili kwamba kuiba ni haramu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba sentensi ya pili imesimama juu ya ile ya kwanza. Akitoka nje ya geti anabaki na katazo lisilo na mwenyewe, na katazo la namna hiyo mtu hulivunja akishahakikisha kwamba mwalimu hayupo.

Bibi Aisha (r.a.) alilieleza jambo hili kwa namna ambayo sijaona mwalimu akiipita. Katika Sahihi ya Bukhari amepokewa akisema kwamba zilizotangulia kushuka ni sura zinazotaja Pepo na Moto. Watu walipotulia katika Uislamu ndipo zikashuka za halali na haramu. Lau cha kwanza kushuka kingekuwa "msinywe pombe," wangesema, "hatuiachi pombe kamwe." Lau kingekuwa "msizini," wangesema, "hatuiachi zinaa kamwe." Na hapo mama yetu anazungumzia watu waliomwona Mtume (s.a.w.) kwa macho yao. Sisi tunataka kidato cha kwanza kipokee kwa dakika 40 kile ambacho watu wale walitayarishiwa kwa miaka.

Asije mtu akakwambia kwamba Makka hapakuwa na makatazo. Yalikuwepo. Kumzika mtoto wa kike akiwa hai, kula mali ya yatima, kupunja vipimo, zinaa, yote hayo yalikemewa huko huko. Lakini tazama yalivyokemewa. Katika Surat At-Takwir haikusemwa tu "msizike watoto." Inaelezwa siku jua litakapokunjwa na nyota zitakapoanguka, na katikati ya tukio hilo kubwa yule binti aliyezikwa anaulizwa kwa kosa gani aliuawa. Msomaji anatetemeka kabla hajaambiwa lolote. Katika Al-Mutaffifin wanatajwa wanaopunja, na papo hapo linafuata swali: hawadhani hao kwamba watafufuliwa kwa Siku iliyo kuu? Katazo na Akhera vimekaa mstari mmoja. Huo ndio ufundishaji ninaotaka uurudishe katika daftari lako.

Mfano unaofaa zaidi kwa rika la wanafunzi wako ni wa pombe, na usiukimbilie. Unastahili kipindi kizima. Kwanza ilishuka aya ya Al-Baqara 219 iliyosema kwamba katika pombe na kamari mna madhara makubwa na manufaa kwa watu, na madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Ikafuata An-Nisaa 43: msiikaribie swala hali mmelewa. Mwisho ikaja Al-Maida 90, jiepusheni nayo. Tangu "Iqra," neno la kwanza la wahyi, hadi hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 15. Siku aya ya mwisho ilipofika Madina, aliyekuwa akiwamiminia watu pombe nyumbani kwa Abu Talha alikuwa kijana aitwaye Anas bin Malik. Mtume alipohamia Madina, Anas alikuwa na miaka kama 10, kwa hiyo siku hiyo alikuwa rika la wanafunzi wako. Walisikia mnadi akitangaza nje, wakamwambia Anas aimwage, naye akaimwaga, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya Madina. Hawakuuliza zaidi. Waulize wanafunzi: kwa nini haikuhitajika askari? Waache wabishane. Jibu watalifikia wenyewe, na litakuwa lao.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, muhula wote wa kwanza nisingegusa orodha ya haramu. Najua mkaguzi wa ndani atauliza andalio la somo. Mwonyeshe kwamba unafundisha imani, na imani ndiyo inayotangulia. Jundub bin Abdillah (r.a.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, kwamba walikuwa na Mtume wakiwa vijana wanaokaribia baleghe, wakajifunza imani kabla ya kujifunza Qur'ani, kisha wakajifunza Qur'ani, imani yao ikazidi.

Sasa, imani yenyewe inafundishwaje? Wengi wa watoto wako wamepitia chuo cha Qur'ani. Wanazijua kwa wimbo sifa 20 za wajibu, 20 za muhali na moja ya jaizi, pamoja na zile za mitume, jumla hamsini. Usizidharau. Imamu Ghazali, katika sehemu ya itikadi ya kitabu chake kikubwa, anasema mtoto aanze kwa kuhifadhi, kisha maana zimfungukie kidogo kidogo anavyokua. Hao wako wameshahifadhi; walifika sekondari na hakuna aliyekuja kuwafungulia maana. Kazi hiyo imeangukia kwako. Ghazali anaongeza jambo ambalo walimu wengi hulisahau: itikadi ya mtoto haiimarishwi kwa kumfundisha mabishano ya kielimu, bali kwa kusoma Qur'ani na kuielewa, kwa hadithi, kwa ibada na kwa kukaa na watu wema. (Na kama msikiti wenu unafundisha tauhidi kwa mgawanyo wa sehemu tatu badala ya sifa hamsini, tumia huo. Mzozo wa watu wazima kuhusu mpangilio upi bora usiuingize darasani; hauna faida kwa mtoto wa miaka 14.)

Chukua sifa moja kwa wiki na uipe kisa chake. Kwa sifa ya kusikia, simulia Surat Al-Mujadila. Khawla bint Tha'laba alikuja kumlalamikia Mtume juu ya mumewe. Bibi Aisha alikuwa pembeni katika nyumba ile ile, akasema baadaye kwamba mengine hakuyasikia, lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia yote, akateremsha wahyi juu yake. Nyumba zenyewe zilikuwa vyumba vidogo! Mwanafunzi msichana ambaye nyumbani hakuna anayemsikiliza atakiweka kisa hicho moyoni kuliko ufafanuzi wowote wa neno Sam'u. Kwa sifa ya kuruzuku, kuna aya inayowakataza wazazi kuua watoto kwa kuogopa umaskini, na papo hapo inasema "Sisi tunawaruzuku wao na nyinyi." Sifa na katazo katika aya moja. Wakishaizoea njia hii, muhula wa pili utakapofika kwenye makatazo hawataona wamehamia somo jingine.

Huyo mwanafunzi uliyemwambia akae chini, Ijumaa ijayo mrudishie swali lake mbele ya wale wale waliopiga kelele. Swali hilo halikuanza Lushoto. Mtume mwenyewe alilitaja, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira: shetani atamjia mmoja wenu amuulize nani kaumba hiki, nani kaumba kile, mpaka afike kwenye "nani kamuumba Mola wako?" Basi anayefikwa na hilo aombe hifadhi kwa Mwenyezi Mungu na akome. Na maswahaba walikuja kwa Mtume wakasema wanakuta nafsini mwao mambo mazito hata kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyakuta. Wakasema ndiyo. Akasema, "Hiyo ndiyo imani iliyo wazi." Imo katika Sahihi ya Muslim. Yaani ule uzito wa moyo, kule kuogopa kulitamka, ni dalili ya imani. Waambie darasa zima kwamba aliyeuliza ametangulia kuwa na ujasiri ambao wao hawakuwa nao, na kwamba kumtupia Mwislamu neno kufuru ni jambo zito sana katika dini, zito kuliko swali lenyewe.

Kisha mpe jibu la akili pia, maana kanuni ya kukoma haimaanishi kufunga ubongo. Kila kilichoanza kinahitaji mwanzishaji. Ukisema mwanzishaji naye ana mwanzishaji, na huyo ana wake, bila kikomo, basi hakuna ambacho kingeanza, nasi tusingekuwa hapa tukiuliza. Lazima pawe na asiye na mwanzo, na hiyo ndiyo sifa ya Qidamu waliyokuwa wakiiimba chuoni. Surat At-Tur inauliza: je, waliumbwa pasipo kitu, au wao ndio waumbaji? Jubair bin Mut'im aliyasikia maneno hayo Mtume akiyasoma katika swala ya Magharibi, siku ambazo Jubair hajasilimu bado na alikuwa amekuja Madina kwa shauri la mateka wa Badri. Akasema moyo wake ulikaribia kuruka. Mtu aliyekuja na ujumbe wa maadui alitikiswa na swali. Kwa nini sisi tuwaogope wanafunzi wanaouliza?

Katika nguzo zote sita, utakayopata nayo shida ni ya qadari, yaani makadirio ya Mwenyezi Mungu, kwa sababu wanafunzi huitumia kama kisingizio. Amefeli, "Mungu hakupenda." Amepata mimba, "ilikuwa imeandikwa." Waeleze habari ya Omar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza, "Unakimbia qadari ya Mwenyezi Mungu?" Omar akajibu kwamba tunakimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu. Kusoma usiku kwa bidii nako ni qadari. Usiende mbali zaidi ya hapo. Waliokwenda mbali walizama.

Tukija kwenye makatazo. Funga daftari, fungua Al-An'am 151 hadi 153. Aya hizo zinaanza kwa kumwambia Mtume awaite watu awasomee alichoharamisha Mola wao, na zinataja makatazo na maagizo pamoja: kumshirikisha, kisha wema kwa wazazi, kuua watoto kwa umaskini, kukaribia machafu ya dhahiri na ya siri, kuua nafsi, mali ya yatima, kipimo na mizani, uadilifu wa usemi hata dhidi ya jamaa, na kutimiza ahadi. Linganisha na orodha uliyorithi. Sijaiona, lakini nimeona nyingi za aina hiyo na huwa zimejaa kucha, rangi, mitindo ya nywele, muziki, suruali. Mizani haimo, wala mali ya yatima. Mtoto anayesoma orodha hizo anatoka akiamini kwamba dini inashughulika na mwili wa msichana kuliko kitu kingine chochote, na kwamba mfanyabiashara anayemnyonya baba yake hana neno na Mwenyezi Mungu.

Nyinyi mko Lushoto, kwenye viazi na kabichi. Hakuna mtoto darasani asiyeijua lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na bado gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa na kamba, na mkulima analipwa kama gunia moja. Wasomee Al-Mutaffifin aya tatu za mwanzo: ole wao ambao wakijipimia kwa watu hutimiza kamili, na wakiwapimia wao hupunguza. Waulize lumbesa iko upande gani wa aya. Kisha geuza: je, kuna mkulima anayeweka viazi vizuri juu na vilivyooza chini? Hapo ndipo ilipo hadithi ya Mtume aliyepita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini, akasema kwamba anayeghushi si katika sisi. Na hiyo hadithi ndiyo inayohukumu kuangalizia katika mtihani. Mtoto aliyekasirika kwa ajili ya gunia la baba yake dakika tano zilizopita ataielewa bila wewe kupaza sauti.

Vivyo hivyo kwa riba. Usianze na benki, wala usizame katika masuala ya mikopo ya nyumba ambayo hata wanazuoni wanaketi vikao kuyajadili. Anza na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Wanajua mama anakopa asubuhi, jioni anafuatwa na mkoa mzima unajua. Lakini chunga ulimi: mama huyo ni mzazi wa mmoja wao, ameketi na aibu yake mstari wa tatu. Aya ya Al-Baqara 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike. Simama upande ambao aya imesimama.

Kuhusu kubeti, kijana wako ameuliza swali ambalo Qur'ani imeshalijibu kwa uaminifu kuliko walimu wengi. Ile aya ya 219 haikukana manufaa. Kwa hiyo usimbishie habari ya nyumba ya kaka yake, inawezekana ipo. Muulize imejengwa kwa fedha ya nani. Kampuni haichapishi noti. Analipwa aliyeshinda kutoka katika mikeka iliyochanika, baada ya kampuni kutoa mishahara, kodi, matangazo na faida yake. Ni hesabu ya kidato cha kwanza: wachezaji wote kwa jumla lazima watoke na pungufu ya walichoingiza, vinginevyo kampuni ingefungwa. Halafu Al-Maida 91 inataja sababu mbili: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na dhikri na swala. Waache watoe mifano ya mtaani kwao, hawatakosa. Na waambie pia kwamba sheria ya nchi hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Si kila kitu kihitaji aya.

Kuna kosa moja la ufundishaji ambalo naliona hatari kuliko yote, nalo ni kuyapa makatazo yote uzito mmoja. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kusikiliza taarabu na kumdhulumu yatima vyote ni "haramu" kwa sauti ile ile, siku atakapogundua kwamba la kwanza wanazuoni wamekhitilafiana atatilia shaka na la pili. Wafundishe mapema hukumu tano: wajibu, sunna, mubaha (linaloruhusiwa tu), makuruhu (linalochukiza), haramu. Wafundishe kwamba asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili, na kwamba madhambi yana makubwa na madogo. Pombe, na kila kilevi kwa hadithi ya "kila kileweshacho ni khamri na kila khamri ni haramu," hakina mjadala, na bangi na gongo vimo humo. Muziki una mjadala: walio wengi katika madhehebu manne walikataza ala nyingi, Ibn Hazm akaruhusu, na dufu lina hukumu yake. Mirungi ina mjadala, wanazuoni wa Yemen wameandika pande zote mbili, ingawa Tanzania sheria imeshaipiga marufuku na hilo linatosha kumzuia mwanafunzi. Maulidi usiyaguse kabisa kwa kushutumu wala kwa kutetea. Mkoa wa Tanga unajua misikiti iliyogawanyika kwa hilo, na watoto wa pande zote mbili wamekaa mbele yako.

Surat An-Nahl 116 inakataza ulimi kusema ovyo "hii halali, hii haramu." Na Al-A'raf 33, inapotaja alivyoharamisha Mwenyezi Mungu, inamalizia na kusema juu Yake msiyoyajua, baada ya kutaja shirki. Mwalimu anayeharamisha bila elimu naye yumo katika orodha anayoifundisha.

Hirizi za mtihani. Hapa itikadi na katazo vinakutana waziwazi, kwa hiyo usilipitie juu juu. Muawiya bin Hakam As-Sulami, katika hadithi iliyomo Sahihi ya Muslim, alimwambia Mtume kwamba kwao kuna watu wanaowaendea makuhani. Akajibiwa, "Usiwaendee." Akasema wako wanaoamini mikosi. Mtume akamwambia kwamba hilo ni jambo wanalolikuta vifuani mwao, lisiwazuie na shughuli zao. Tazama alivyopambanua: kitendo kimekatazwa, na hisia ya hofu ikaelezwa bila kulaumiwa. Mwanafunzi anayefunga hirizi anaogopa. Anaogopa kufeli, anaogopa kurogwa na jirani, na pengine hirizi kafungwa na bibi yake. Hirizi yenye aya za Qur'ani tupu wanazuoni wamekhitilafiana tangu zama za maswahaba. Yenye majina ya majini na michoro isiyojulikana haina wa kuitetea. Mwambie hivyo. Kisha mpe cha kushika badala yake: maneno ambayo Mtume alimfundisha Ibn Abbas akiwa kijana mdogo amepakiwa nyuma yake, kwamba umma wote ukikusanyika kukudhuru hautakudhuru ila kwa alichokwisha kukuandikia Mwenyezi Mungu. Imo Tirmidhi. Ni fupi, inahifadhika, na inaondoa hofu ile ile iliyomfanya afunge hirizi.

Mwanzo wa hadithi hiyo ya Muawiya ndio jibu langu kwa mwenzako wa fimbo. Muawiya alizungumza ndani ya swala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja. Swala ilipokwisha Mtume alimwita. Muawiya mwenyewe anasema hajaona mwalimu kabla yake wala baada yake bora kuliko yeye: hakunikemea, hakunipiga, hakunitukana, aliniambia tu kwamba swala haifai ndani yake maneno ya watu. Mwenzako atakuletea hadithi ya kuamrisha swala kwa miaka 7 na kupiga kwa miaka 10. Mwambie aihesabu: miaka mitatu ya kuamrisha, swala tano kwa siku, ni zaidi ya mara 5,000 za kuambiwa kwa ulimi kabla fimbo haijatajwa, tena kwa mzazi, na wanazuoni waliizungushia masharti ya kutoumiza. Nani kati yetu amemwambia mwanafunzi jambo mara 5,000? Na vitisho vya adhabu ya kaburi vya kwenye simu, zile video za nyoka na mayowe, viweke mbali na kipindi chako.

Kuhusu zinaa, utafundisha wavulana na wasichana pamoja, na utaona haya, ni kawaida. Tumia hadithi ya Abu Umama katika Musnad ya Ahmad. Kijana alimwendea Mtume akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwepo wakamfokea. Mtume akasema asogee, akaketi, akamuuliza kama angelipenda hilo kwa mama yake. Akasema hapana. Kwa binti yake? Kwa dada yake? Kwa shangazi yake? Kwa mama yake mdogo? Kila mara hapana, na Mtume akimwambia nao watu hawalipendi kwa wao. Kisha akaweka mkono juu yake akamwombea msamaha, usafi wa moyo na hifadhi ya tupu yake. Swali lile mbele ya watu ni zito kuliko la mwanafunzi wako, na hakuambiwa akae chini.

Zingatia pia kwamba katika Surat An-Nur, kuinamisha macho kumeanza na wanaume, aya ya 30, ndipo ikaja ya wanawake. Fundisha kwa mpangilio huo huo. Na kama shuleni kwenu kuna msichana aliyerudi darasani baada ya kujifungua, maana tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu kurudi, kipindi chako kisiwe mahali pa kumnyooshea kidole. Sura hiyo hiyo inadai mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke, na asiyewaleta anapata bakora themanini. Wanafunzi wanaorushiana picha na maneno kwenye magrupu ya WhatsApp wanahitaji kuisikia aya hiyo pamoja na Al-Hujurat 11 na 12, zinazokataza kejeli, majina ya kubandikana, kupelelezana na kusengenyana. Kwa maoni yangu hizo ndizo haramu zinazotendeka kwa wingi zaidi katika shule yoyote, na ndizo zisizoandikwa katika daftari.

Wanafunzi Wakristo wako chumba cha pili na kuta zinapitisha sauti. Al-An'am 108 inakataza kutukana wanavyoviomba wasiokuwa Waislamu. Fundisha itikadi yako kikamilifu, ukimtaja Issa bin Mariam kama Qur'ani inavyomtaja, na mihadhara ya kushindana waachie wenyewe.

Utaulizwa usilolijua, tena mara nyingi. Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa maswali 48, akajibu 32 kati yake kwa "sijui." Liandike swali ubaoni, lipeleke kwa sheikh wa eneo lenu, rudi nalo wiki ijayo na utaje uliyemuuliza.

Lililobaki ni mitihani yako ya ndani, ambayo nadhani inachangia kuua kipindi. "Taja mambo matano ya haramu" hupima kumbukumbu tu. Jaribu haya: "Mnunuzi kamwambia baba yako ajaze kilemba juu ya gunia la sivyo hanunui. Nani ana dhambi, na aya gani inahusika?" Au: "Rafiki yako kakutumia picha ya mwanafunzi mwenzenu na maneno ya aibu. Eleza unachofanya, na utaje sifa mbili za Mwenyezi Mungu zinazokufanya ufanye hivyo." Au: "Bibi yako kakufunga hirizi kwa mapenzi. Mwandikie barua ya heshima." Hilo la mwisho wape walipeleke nyumbani, lisihesabiwe alama, na wasilazimishwe kukuonyesha walichoandika.